Imani ya Kikristo haimnyimi mwenye dhiki chakula wala dawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo ambalo sisi Wakristo wa Malindi tumelizungumza kwa kunong'ona tangu Aprili 2023, miili ya kwanza ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja wanadaiwa kufundishwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Kulaani tumelaani, kuomba tumeomba, na wapo viongozi wa makanisa waliosimama na familia zilizofiwa kwa namna ninayoiheshimu sana. Lakini lipo swali ambalo watu wanaulizana kwenye matatu, kwenye foleni ya zahanati na kwenye matanga, ambalo mimbari zetu bado hazijalijibu kwa sauti ya kusikika. Kijana mmoja niliyemfundisha katika shule ya msingi, ambaye shangazi yake alihama na wenzake kwenda msituni na hajaonekana tena, aliniuliza swali hilo baada ya ibada, akiwa ameinamisha kichwa: "Mwalimu, je, shangazi alikuwa na imani kutuzidi sisi?"

Nilimjibu kwamba hapana, na ningependa kueleza kwa kirefu kwa nini nilijibu hivyo, kwa sababu naamini hakuwa akiuliza peke yake. Watu wale hawakutangulia mbele zaidi katika njia ambayo sisi tunaisuasua. Walipelekwa kwenye njia nyingine kabisa. Imani aliyoifundisha Yesu humkuta mtu katika dhiki na kumrudisha mezani na kwa watu wake. Mafundisho yanayomwondoa mgonjwa kwenye dawa yake, mama kwenye sufuria yake, mtoto kwenye shule yake na ukoo mzima kwa jamaa zake, kisha yakaita hayo kumtumaini Mungu, hayawi ya Kristo kwa sababu tu yanalitaja jina lake.

Kesi ya Shakahola iko mahakamani, mhubiri aliyeshtakiwa amekana mashtaka, na kuhukumu ni kazi ya korti. Ninayoyasema hapa ni yale ambayo umma wote umekwisha kuyajua. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Uchunguzi wa madaktari wa serikali ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na kwamba baadhi yao, watoto wakiwamo, walikuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa au kuzibwa pumzi. Chumba cha maiti cha hospitali yetu ya Malindi kilijaa hata yakaletwa makontena ya baridi, na jamaa waliosafiri kutoka pembe nyingi za Kenya walikaa nje wakisubiri kutoa sampuli za DNA. Familia za kwanza hazikukabidhiwa miili ya watu wao mpaka Machi 2024. Kisha mwaka 2025, tulipodhani yamekwisha, makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, katika kaunti yetu hii hii ya Kilifi. Anayedhani kwamba jambo hili limepita na halihitaji tena kuzungumzwa kanisani hajaiangalia tarehe hiyo ya mwisho.

Wakati wa maombolezo nilikuwa nikirudia kusoma sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, na ninashangaa kwamba katika mji wa wavuvi kama huu sura hiyo haihubiriwi mara nyingi zaidi. Paulo yumo melini, mfungwa anayepelekwa Roma, na tufani imeikamata meli hiyo kwa siku nyingi. Jua halionekani wala nyota, mizigo imetupwa baharini, na mwandishi anasema waziwazi kwamba tumaini lote la kuokoka lilikuwa limekatika. Ndipo malaika anamjia Paulo usiku na kumwahidi kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea, isipokuwa meli tu. Ahadi kubwa kuliko hiyo haiwezi kutolewa kwa mtu aliye katika dhiki. Swali ni hili: mtu aliyepewa ahadi ya namna hiyo anafanya nini kesho yake?

Mabaharia wanapima kina cha maji na kupata pima 20, wanaenda mbele kidogo na kupata pima 15, wanahofia miamba, wanatupa nanga nne za tezi, yaani za nyuma ya meli, na kuomba kupambazuke. Yeyote aliyewahi kuingia na mashua usiku wakati wa kusi, akisikia mawimbi yakivunjika kwenye mwamba asiouona, anaelewa maombi hayo bila kufafanuliwa. Kisha baadhi yao wanashusha mtumbwi kwa siri ili watoroke, na Paulo, yule yule mwenye ahadi ya malaika, anamwambia akida kwamba hao wasipobaki melini, wengine hawawezi kuokoka. Ahadi ya Mungu haikuufanya ujuzi wa mabaharia kuwa kitu cha kudharauliwa. Ilikuwa ni kupitia mikono yao kwamba Mungu alikusudia kuitimiza. Na kulipokaribia kupambazuka Paulo akawasihi watu wote wale chakula, kwa kuwa ilikuwa siku ya 14 wakingoja bila kula kitu, na akawaambia kwamba chakula hicho ni kwa ajili ya kuokoka kwao. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaumega, akaanza kula. Wakachangamka wote, wakala nao. Mwandishi, ambaye naye alikuwamo, ametuachia hesabu yao: watu 276.

Ninawaomba wachungaji wetu waitafakari asubuhi hiyo. Mtume wa Kristo, katika saa mbaya kuliko zote, alionyesha imani yake kwa kula mbele za watu na kuwahimiza wale waliokata tamaa wale pia. Siku 14 za kukaa bila chakula hakuzisifu kama mfungo mtakatifu. Alizimaliza.

Wala si hapo tu. Yesu alipomfufua binti wa Yairo, mtoto wa miaka 12, jambo la mwisho aliloagiza kabla ya kutoka katika nyumba ile, kwa mujibu wa Marko, ni kwamba mtoto apewe chakula. Wazazi walikuwa wameduwaa kwa mshangao, na yeye akakumbuka kwamba msichana yule ana njaa. Ninapofikiria watoto waliofukuliwa katika msitu ule, ambao tumesikia kwamba walitangulizwa kufungishwa kabla ya watu wazima, siwezi kulisoma agizo hilo bila kusimama. Atakayefundisha tena, mahali popote katika pwani hii, kwamba Kristo anamtaka mtoto afe njaa ili amwone, ajibiwe kwa maneno hayo ya Marko.

Jambo la pili ni la ugonjwa. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba amemwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Sentensi hiyo ni fupi na haina lawama yoyote. Hasemi Trofimo alipungukiwa na imani, wala hasemi kuna dhambi aliyoificha. Ni mgonjwa, basi, na safari imeendelea bila yeye. Katika barua hiyo hiyo Paulo, akiwa gerezani na akijua kwamba mwisho wake umekaribia, anaomba aletewe joho lake aliloliacha Troa, na anamsihi Timotheo afike kabla ya majira ya baridi. Na miongoni mwa wenzake wa karibu alikuwamo Luka, ambaye yeye mwenyewe anamwita tabibu mpendwa. Sijui ni kwa njia gani mtu anaweza kuzisoma barua hizi kisha akatoka kuwaambia watu kwamba kubeba kadi ya kliniki ni ishara ya kumshuku Mungu.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu niliyaona ndani ya nyumba yangu. Sikulelewa katika Ukristo. Nilizaliwa katika boma la Kigiriama ambamo koma, yaani roho za wahenga, waliheshimiwa na vigango, nguzo za kuchongwa za kuwakumbuka wazee, vilisimama, na nilipokuwa mwalimu niliwapeleka watoto wa shule kwenye maombi ya asubuhi bila mimi mwenyewe kuomba. Marehemu mume wangu, fundi wa kuchonga mashua, aliugua kisukari miaka mingi, kikamletea kidonda mguuni kisichopona, na mguu ukakatwa. Fundi asiyeweza kusimama hana kazi. Mshahara wangu mmoja ukawa wa kula, karo, nauli za hospitali na dawa. Katika hali hiyo alikuja mhubiri mmoja, ambaye sitamtaja wala sitalitaja kanisa lake, akasimama kando ya kitanda na kumwambia mume wangu kwamba mwenye imani hajidungi sindano kila asubuhi, kwa kuwa kila sindano ni kukiri kwamba Mungu ameshindwa. Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa anatafuta neno lolote la matumaini, alilia. Alipoondoka mgeni huyo, nilijiambia kwamba ikiwa huyo ndiye Mungu wao, sina haja naye.

Aliyenigeuza ni mama mmoja mzee wa kanisa dogo la mtaani kwetu, muuza maandazi, ambaye alianza kuja jioni baada ya kuuza. Nyumba yetu haikuwa na friji, na dawa ya insulini inaharibika kwa joto la Malindi. Yeye alituletea mtungi wa udongo, akauweka kwenye kona yenye kivuli na upepo juu ya mchanga aliokuwa akiulowesha, akaitia chupa ya dawa ndani ya kikopo chenye kifuniko na kukining'iniza humo kisiguse maji. Kila alipokuja aliingiza mkono kuhisi ubaridi. Alikuwa akiomba, ndiyo, tena kwa sauti, huku ameshika mkono wa mume wangu. Na akimaliza kuomba anauliza sindano ya jioni imekwisha kudungwa au bado, kisha anaenda jikoni kusonga sima. Hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo. Nilipomwuliza kwa nini anajisumbua kwa watu wasio wa kanisa lake, alinijibu, "Mwanangu, Mungu ameniweka jirani yako, nimwombe nini tena?"

Mume wangu hakupona. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu shuhuda nyingi tunazozisikia siku za Jumapili huishia kwenye kupona, kupata kazi au kupata kiwanja, na yule ambaye mgonjwa wake alikufa hukaa kimya kwenye benchi akidhani hana ushuhuda. Tulipomzika, majirani zetu Waislamu ndio waliotangulia kuleta maji na mchele, nao waumini wa kanisa lile dogo wakalala nasi matangani mpaka siku ya mwisho. Nilibatizwa mwaka uliofuata. Sikubatizwa kwa kuwa nimepata majibu ya maombi niliyoyaomba. Nilibatizwa kwa kuwa katika miezi ile migumu nilikuwa nimekaa karibu na watu waliomjua Mungu asiyekimbia kitanda cha mgonjwa, nikamwamini.

Mama yule ndiye aliyenisomea Zaburi ya 88. Ningependa isomwe zaidi makanisani. Ni sala ya mtu anayemlilia Mungu mchana na usiku, anayemwambia usoni kwamba amemtupa shimoni, na tofauti na zaburi nyingine za kilio, haigeuki mwishoni kuwa sifa, inamalizika gizani. Walioikusanya Biblia hawakuiondoa wala hawakuitia mstari wa kuipamba. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa mbele za Mungu, katika imani kamili, bila kuwa na neno lolote la furaha mdomoni. Ile ya 13 inaanza kwa kuuliza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na hakuna nabii aliyetumwa kumkemea Daudi kwa swali hilo. Watu wetu wamefundishwa kwamba kulalamika ni kukosa imani, hivyo wanapokuja kanisani wanayaacha mlangoni yale yanayowaua. Mtu wa namna hiyo, akitokea mhubiri wa kumwambia kwamba uchungu wake una maana kubwa na mwisho wake umekaribia, atamfuata hata msituni, kwa sababu huyo ndiye wa kwanza kuutambua uchungu wake.

Tena dhiki ilikuwapo, na ilikuwa kubwa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana kwa misimu 5 mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, na sehemu za bara za kaunti yetu hazikunusurika; mahindi yalikauka mashambani na ng'ombe wakafa. Mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya mafuriko na Mto Sabaki ukafurika. Nabii Habakuki aliliona jambo kama hilo, akayataja yote yaliyopotea moja baada ya jingine, mtini, mzabibu, mzeituni, nafaka, kondoo na ng'ombe, kisha akasema kwamba hata hivyo atamfurahia Bwana. Wahubiri wengi wanakimbilia hilo la mwisho. Mimi nawasihi wakae kwanza kwenye orodha. Habakuki hakusema kwamba chakula si kitu. Alikihesabu kimoja kimoja kama mkulima anayejua hasara yake, na furaha yake kwa Mungu ilisimama pamoja na hesabu hiyo bila kuifuta.

Historia ya Ukristo katika pwani hii nayo haikuanza na watu waliokwepa dhiki. Mmisionari Francis Xavier alipopita Malindi mwaka 1542 akielekea Bara Hindi, kumbukumbu iliyobaki ya ibada yake hapa ni ya mazishi ya mtu wa meli yao. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai wa mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga, yeye mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Alibaki, akaendelea na kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, na mwaka 1846 akaanza kituo cha Rabai pamoja na mwenzake Rebmann. Mtu aliyezika jamaa yake yote hapa ndiye aliyetufungulia njia ya kuisoma Biblia kwa lugha tunayoota nayo. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kaburi lile lilikuwa dalili ya imani haba.

Najua wapo wanaotegemea sheria ilete suluhisho. Serikali iliunda jopokazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi mwaka 2023 kuangalia jinsi mashirika ya kidini yanavyosimamiwa, na sina ugomvi na sheria itakayomlinda mtoto bila kuuvunja uhuru wa kuabudu uliomo katika kifungu cha 32 cha Katiba. Ila askari hawezi kuwa ndani ya kila nyumba ambamo mgonjwa anaambiwa atupe dawa. Jirani mwenye mtungi anaweza.

Kwa hiyo nina maombi kwa wachungaji na wazee wa makanisa yote ya Malindi, makubwa na madogo. Tamkeni kutoka mimbarini, kwa maneno ambayo bibi na mtoto wataelewa, kwamba hakuna mhudumu wenu aliye na ruhusa ya kumwambia mgonjwa aache dawa au mzazi amfungishe mtoto, na kwamba atakayefanya hivyo ataripotiwa kwa chifu na kuondolewa katika huduma siku hiyo hiyo. Sehemu ya sadaka ya kila mwezi itengwe kwa nauli za kliniki na dawa za wagonjwa wa mtaani, bila kuuliza wanasali wapi. Katika ratiba ya ibada zisomwe zaburi za kilio mwaka mzima, hata nje ya wiki ya Pasaka, na mwenye huzuni apewe nafasi ya kusimama na kusema kwamba bado hajajibiwa, bila mtu kumkatiza kwa wimbo.

Na kwa zile familia ambazo mpaka sasa hazijawatambua watu wao, naomba wawe wanatajwa katika maombi ya kila Jumapili, na wanapokuja makanisani mwetu wapewe chakula kwanza, na asiwepo mtu wa kuwauliza kama ndugu zao walikufa katika imani au nje yake. Nitamleta yule kijana niliyemtaja. Kanisa ambalo liko tayari kumpokea pamoja na mama yake lituandikie kupitia gazeti hili.

Wako katika Kristo,

Mwalimu mstaafu,
Malindi